Nataka kuinua uso kabla ya harusi ya binti yangu: je, wiki nane zinatosha?

BARUA

Assalaam aleikum washauri,

Mimi ni mama wa miaka 58, mwalimu mstaafu, naishi Mombasa. Nina kisukari na presha. Natumia metformin ya sukari na amlodipine ya presha, na mwaka jana daktari aliniongezea sindano ya semaglutide ya kila wiki. Alhamdulillahi, sukari imetulia na nimepungua kilo 19, na bado napungua. Lakini uso umeniporomoka. Mashavu yameingia ndani, nyama imening'inia pembeni mwa kidevu pande zote mbili, na shingoni zimenitoka kamba mbili. Nikikutana mjini na wanafunzi wangu wa zamani, kabla hata ya salamu kuisha huniuliza kama naumwa.

Binti yangu anaolewa wiki nane zijazo. Mwanangu aliye Ulaya amejitolea kunilipia upasuaji wa kuinua uso. Kuna wakala tunayewasiliana naye kwa WhatsApp. Anasema nitalazwa Istanbul usiku mmoja, nikae hotelini siku nne, siku ya sita nipande ndege nirudi nyumbani. Ati nitafanyiwa ule wa "tabaka la ndani", makovu hayaonekani, na ngozi nyeusi hupona vizuri. Ametaka picha zangu tatu na pesa ya kushika nafasi. Hajaniuliza kitu kingine.

Hapa mjini nako kuna saluni wanaoweka nyuzi za kuvuta uso. Saa moja umemaliza, na bei ni ndogo sana. Shoga yangu aliwekwa na anapendeza.

Nisije nikawaficha: nameza aspirini ndogo kila siku, si kwa kuandikiwa, nilisikia tu inasaidia moyo. Nimepaka krimu ya kung'arisha uso zaidi ya miaka kumi. Sivuti sigara, lakini tambuu ya tumbaku siikosi jioni. Na zamani, nilipotoboa masikio mara ya pili, sikio la kushoto lilitoa uvimbe mgumu. Ulikatwa, ukarudi mkubwa kuliko wa kwanza, mpaka ulipopigwa sindano ndipo ukanywea.

Naomba mnieleze: upasuaji huu hasa ni nini? Wiki nane zinatosha? Siku ya sita naweza kupanda ndege? Au nyuzi zinatosha? Dada yangu anasema ni kubadili maumbile. Hilo nitamuuliza sheikh. Nyinyi niambieni la kiafya.

Mama Z., Mombasa

JIBU

Waaleikum salaam, Mama Z.,

Tuanze na lenye haraka: usitume pesa ya kushika nafasi, na usipange upasuaji huu kabla ya harusi. Sababu utaziona hapa chini, na nzito kuliko zote ni lile sikio lako la kushoto, ambalo wakala hakuliuliza.

Mkato wa kuinua uso hupita hapo hapo. Huanzia kwenye nywele za panja au pembezoni mwake, hushuka mbele ya sikio ukifuata mikunjo yake, huzunguka chini ya ndewe, hupanda nyuma ya sikio, kisha huingia kwenye nywele za kisogoni. Ni mshono mrefu, na uko pande zote mbili. Ngozi iliyowahi kuota keloidi, yaani kovu gumu linalovimba kama lile lako, kwa tundu la hereni inaweza kuota tena kwenye mkato unaolizunguka sikio karibu lote. Hatusemi ni lazima itokee, lakini hatari yako ni kubwa kuliko ya mtu ambaye hajawahi.

Kuna tofauti ambayo daktari atataka kuithibitisha. Kovu nene la kawaida hubaki ndani ya mipaka ya jeraha, na aghalabu hunywea lenyewe ndani ya mwaka mmoja au mmoja na nusu. Keloidi huvuka mipaka ya jeraha, haitulii yenyewe, na ikikatwa tu bila tiba nyingine mara nyingi hurudi kwa nguvu zaidi. Ulivyoeleza wako, ulikatwa ukarudi, ndivyo keloidi inavyofanya. Ili kupima mwelekeo wa ngozi yako, daktari makini atataka kuona pia kovu la chanjo begani, makovu ya kifuani ukiwa nayo, na mshono wa uzazi kama ulipasuliwa. Yote hayo hayaonekani kwenye picha tatu za uso.

Wapo madaktari watakaokataa kukupasua kwa sababu hiyo pekee, na kukataa huko ni alama nzuri kwao. Wapo watakaokubali kwa masharti: ngozi ishonwe bila kuvutwa hata kidogo, upake jeli au ubandike plasta za silikoni kwa saa 12 au zaidi kila siku kwa miezi kadhaa, na kovu likianza kuinuka au kuwasha lichomwe sindano za triamcinolone, dawa ya kunywesha kovu, kila wiki nne hadi sita. Keloidi inaweza kuanza miezi kadhaa baada ya jeraha kufunga, wakati umesharudi Mombasa na daktari wako yuko Istanbul. Kwa hiyo kabla ya kuulizia bei, tafuta mtu wa hapa nyumbani atakayekuchoma hizo sindano.

Kauli kwamba ngozi nyeusi hupona vizuri ina ukweli nusu. Ni kweli rangi yetu huikinga ngozi na jua, makunyanzi madogo madogo huchelewa kuja, na kinachotangulia kushuka ni nyama ya katikati ya uso. Lakini ngozi hiyo hiyo ndiyo inayoota keloidi zaidi, na ndiyo inayobaki na madoa meusi kwa muda mrefu kila inapojeruhiwa.

Sasa upasuaji wenyewe. Daktari huinua ngozi kutoka kwenye mafuta yaliyo chini yake, kuanzia mbele ya sikio kuelekea shavuni, na kuanzia nyuma ya sikio kushuka shingoni. Chini ya mafuta hayo kuna utando imara ulioungana na misuli ya uso, ambao madaktari huuita SMAS. Ulielezwa na Wafaransa Mitz na Peyronie mwaka 1976, na tangu hapo kazi hii ilibadilika. Zamani ilikuwa ikivutwa ngozi tu, na kuvuta ngozi tu ni sawa na kutandika shuka juu ya godoro lililobonyea: utainyoosha, lakini bonde liko palepale. Ngozi hunyumbuka, hulegea tena, na mvuto wote ukibebwa na mshono basi kovu hupanuka na ndewe huburutwa chini ikashikana na shavu. Siku hizi mzigo hubebwa na ule utando. Wengine huukunja na kuushona, wengine hukata kipande chake na kuunganisha, wengine huingia chini yake, wakakata kano zinazoushikilia kwenye mfupa na kuuinua pamoja na ngozi. Huo wa mwisho ndio unaoitwa wa tabaka la ndani.

Jina hilo limekuwa la biashara. Mikononi mwa aliyeuzoea huinua vizuri nyama ya katikati ya shavu, lakini hupita karibu zaidi na matawi ya neva inayosogeza uso. Hakuna njia iliyothibitika kuwa bora kwa kila uso. Anayekuuzia jina la njia kabla hajakushika shavu anauza jina tu.

Kamba za shingo ni kingo mbili za msuli mwembamba uliolegea. Kwa hizo hukatwa mstari mfupi chini ya kidevu, wa sentimita tatu hivi, kingo zikashonwa pamoja. Kazi yote, uso na shingo, huchukua saa tatu hadi tano. Unaweza kupewa nusukaputi, au ganzi pamoja na dawa ya mshipani ya kukusinziza. Kwa vyovyote lazima awepo mtaalamu wa nusukaputi ambaye kazi yake ni hiyo tu, hasa kwako mwenye presha na kisukari.

Elewa pia upasuaji huu usichofanya. Unashughulikia taya, shingo, na kwa kiasi ile mikunjo ya kutoka puani. Hauondoi madoa, haugusi kope wala paji, na mistari midogo juu ya mdomo hubaki. Na haujazi mashavu yaliyoingia, jambo ambalo kwako ni kubwa, maana uso wako haukushuka kwa umri pekee, umepoteza mafuta. Ukivutwa bila kujazwa utaonekana umekazwa na mifupa imetokeza. Kwa uso kama huo daktari huchukua mafuta ya tumboni au pajani na kuyachoma shavuni wakati huo huo wa upasuaji. Sehemu ya mafuta hayo huyeyuka miezi ya mwanzo, kwa hiyo mashavu ya wiki ya tatu siyo utakayobaki nayo. Na kwa kuwa bado unapungua, ngoja uzito utulie kwa kama miezi sita. Ukipasuliwa leo kisha upungue kilo nane nyingine, uso utalegea tena na pesa imekwenda.

Tatizo kubwa linalotokea zaidi baada ya upasuaji huu ni damu kuvilia chini ya ngozi. Kwa wanawake hutokea kwa wachache kati ya kila mia, kwa wanaume zaidi, na presha isiyotulia huongeza. Mara nyingi huja ndani ya saa 24 za mwanzo. Wakati wa kazi daktari huwa amechoma adrenalini ili mishipa midogo ijifunge; dawa ikiisha nguvu mishipa hufunguka, na presha ikipanda kwa maumivu, kutapika, kukohoa au kibofu kilichojaa, damu huanza kukusanyika. Ngozi iliyoinuliwa inategemea mishipa ya pembeni tu, na damu ikiibana kutoka chini huanza kufa. Ikikusanyika shingoni inaweza kubana njia ya hewa.

Dalili yake ujue wewe na ajue atakayekuuguza. Maumivu ya kawaida ya upasuaji huu ni ya wastani, ni kubanwa zaidi kuliko kuuma, na yako sawa pande zote mbili. Upande mmoja ukianza kuuma kuliko mwingine, ukavimba kwa kasi, ukawa mgumu na midomo ikatoka zambarau upande huo, usisubiri asubuhi na usinywe dawa ya maumivu ukalala. Unarudishwa chumba cha upasuaji, nyuzi zinafunguliwa, damu inatolewa na mshipa unaovuja unafungwa. Ikifanywa mapema, matokeo ya mwisho mara nyingi hayaharibiki. Basi muulize wakala: nikiwa hotelini saa nane za usiku, nani atanifungua, na wapi? Kama jibu ni namba ya WhatsApp, umeshapata jibu.

Baada ya damu, hofu ya wengi ni uso kupinda. Neva inayoumia mara nyingi zaidi si ya kusogeza uso, ni ya hisia inayopita shingoni kwenda sikioni. Ikijeruhiwa ndewe hufa ganzi, pengine kwa kudumu. Ganzi ya mashavu kwa miezi kadhaa ni kawaida kwa kila anayepasuliwa. Matawi yanayosogeza uso huweza kuzubaa, ukashindwa kuinua nyusi moja au mdomo ukavutwa upande ukicheka. Mara nyingi hurejea ndani ya wiki au miezi michache. Udhaifu wa kudumu hutokea kwa chini ya mtu mmoja kati ya mia.

Ngozi kufa hutokea zaidi nyuma ya sikio, ambako ni nyembamba na iko mbali zaidi na mishipa yake. Kinachoisababisha, zaidi ya damu kuvilia, ni nikotini. Mama Z., tambuu ya tumbaku ni nikotini, sawasawa na sigara, ugoro na shisha. Nikotini hubana mishipa midogo, na hiyo mishipa midogo ndiyo pekee iliyobaki kuilisha ngozi iliyoinuliwa. Acha angalau wiki nne kabla na wiki nne baada. Plasta na pipi za nikotini nazo hazifai kipindi hicho. Popoo na uraibu (viungo vya tambuu) bila tumbaku ni suala jingine, lakini usimfiche daktari.

Sukari nayo huchelewesha jeraha na hukaribisha vijidudu. Wengi hutaka kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu, kiwe karibu na asilimia 7 kabla ya upasuaji wa hiari. Kuhusu maambukizi, uso una damu nyingi kwa hiyo usaha si jambo la mara kwa mara. Ila kuna vijidudu vya jamaa ya kifua kikuu ambavyo vimewapata watu waliosafiri kufanyiwa urembo: jeraha linapona, kisha baada ya wiki kadhaa vinatokea vijipu visivyosikia antibiotiki za kawaida. Likikutokea hilo, mwambie daktari ulipasuliwa nchi gani ili aagize vipimo vinavyostahili.

Krimu yako tuizungumze wazi. Krimu nyingi za kung'arisha huwa na hidrokwinoni, steroidi kali au zebaki, na kopo mara nyingi halisemi kweli. Steroidi ikipakwa miaka kumi huifanya ngozi kuwa nyembamba, mishipa ikatokeza, na jeraha likachelewa kufunga. Usiikatishe ghafla peke yako, kwa sababu ngozi iliyozoea steroidi hulipuka: huwaka, huwasha na kutoa chunusi. Nenda kwa daktari wa ngozi na kopo lenyewe mkononi akupunguzie taratibu. Anza sasa, uwe utapasuliwa au hutapasuliwa.

Aspirini huzuia chembe za kugandisha damu kwa maisha yao yote, siku saba hadi kumi. Kwa kuwa hukuandikiwa, mueleze daktari wako wa kisukari kwanza. Akithibitisha huna ugonjwa wa moyo, kiharusi wala stenti (kijibomba cha kuachanisha mshipa wa moyo), itaachwa kama wiki mbili kabla. Mwenye stenti asithubutu kuacha bila ruhusa ya daktari wa moyo. Muda huo huo huachwa dawa za maumivu za ibuprofen na diclofenac, vidonge vya vitamini E, mafuta ya samaki, vidonge vya vitunguu saumu, na habasoda ya kila asubuhi. Kitunguu saumu cha kwenye mchuzi hakina neno.

Amlodipine haiachwi: unaimeza hata asubuhi ya upasuaji kwa maji kidogo, labda daktari wako aseme vinginevyo. Metformin utaelekezwa. Semaglutide lazima mtaalamu wa nusukaputi aijue mapema, kwa sababu huchelewesha chakula tumboni. Unaweza kufunga saa sita na tumbo likawa bado lina chakula, na ukitapika ukiwa usingizini kinaingia mapafuni. Wengine husimamisha sindano wiki moja kabla, wengine hukuachia lakini wakakuwekea vinywaji vyepesi tu kwa saa 24.

Mambo mawili ya kina mama ambayo madaktari wa mbali huyasahau. La kwanza ni nywele. Miaka ya kusuka kwa kukaza huacha nywele za panja chache. Kama zako zimerudi nyuma, kovu la ndani ya nywele halitafichika, na mkato ukipandisha panja juu zaidi utaongeza upara. Mwonyeshe daktari panja zako bila mtandio, nywele zimefumuliwa, aamue mkato upite pembezoni mwa nywele. Rangi ya nywele tia wiki mbili kabla, maana baadaye hutatia kwa wiki sita hivi. La pili ni hina. Piko jeusi kwenye kucha linaweza kuvuruga kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni, kwa hiyo acha angalau vidole viwili vitupu.

Baada ya upasuaji utaamka umefungwa bandeji kuzunguka kidevu na kichwa, pengine na mipira miwili myembamba ya kutoa majimaji nyuma ya masikio. Bandeji na mipira hutoka ndani ya siku moja au mbili. Unalala chali, kichwa kimeinuliwa kama digrii 30, lakini kidevu kisiinamie kifuani, kwa sababu shingo ikikunjwa damu hurudi kwa shida. Uvimbe hufika kilele siku ya pili hadi ya nne. Hapo utajiangalia kwenye kioo ujute, na machozi ya wiki ya kwanza ni ya wengi. Taya halifunguki vizuri, kwa hiyo uji, mtori na supu. Nyuzi za mbele ya sikio hutolewa siku ya tano hadi ya saba, za nyuma ya sikio na kwenye nywele siku ya saba hadi ya kumi au zaidi kidogo. Alama za damu hushuka shingoni hadi kifuani na huisha karibu wiki mbili. Mashine ya moto ya kukaushia nywele usiiguse mpaka hisia zirudi. Ngozi iliyokufa ganzi huungua bila wewe kujua. Mtandio uvae mlegevu, bila pini wala fundo juu ya masikio.

Kwa swala: kuinamisha kichwa kunapandisha presha ya damu usoni, kwa hiyo wiki mbili za mwanzo rukuu na sijda ni kwa ishara ukiwa umeketi kitini. Na mshono usilowe mpaka daktari aruhusu, mara nyingi baada ya saa 48. Ukimuendea sheikh, muulize pia udhu wa juu ya bandeji.

Ndege ya siku ya sita hapana. Utakuwa umevimba, nyuzi nyingi bado zipo, na safari ya saa sita na zaidi ya kuketi baada ya upasuaji inaongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Kaa siku 10 hadi 14, nyuzi zitolewe na aliyezishona. Kwa hiyo bei halisi ni ya usiku 14 wa watu wawili, kwani lazima uwe na mwenzio saa 48 za kwanza usiku na mchana.

Kuhusu harusi, ungepasuliwa wiki ijayo na kila kitu kiende sawa, ungetembea sokoni wiki ya tatu. Wiki ya nane mshono bado ni mwekundu au mweusi, mashavu bado magumu ukicheka, na kamera ya harusi inaona yote. Kwa sherehe kubwa tunashauri miezi mitatu kwa uchache, minne hadi sita ni bora. Uvimbe wa ndani huisha kati ya miezi sita na mwaka, na kovu hukomaa miezi 12 hadi 18. Uso ulioinuliwa vizuri hukaa miaka saba hadi kumi hivi, kuzeeka hakusimami.

Nyuzi za saluni? Ni nyuzi zenye meno zinazopitishwa chini ya ngozi kwa sindano nene. Huinua kidogo ngozi iliyolegea kidogo, na kwa kawaida mwaka hauishi bila kushuka tena. Uso uliopungua kilo 19 hazitaubeba. Zitakunja ngozi nyembamba au uzi utajitokeza. Na kila tundu ni jeraha kwenye ngozi inayoota keloidi. Kama shoga yako alikuwa na ulegevu mdogo, tunaamini anapendeza. Kwako, na saluni, hapana.

Kama unataka kitu kwa ajili ya siku hiyo, kinachowezekana ni kujaza mashavu kwa jeli ya asidi ya hayaluroniki, mradi kifanywe na daktari na si chini ya mwezi mmoja kabla. Nayo ina hatari yake: dawa ikiingia kwenye mshipa wa damu huua ngozi, na mara chache hupofua. Uliza kama hayaluronidesi, dawa ya kuiyeyusha, ipo chumbani siku hiyo. Haipo, ondoka.

Baada ya harusi, nenda kwa daktari bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, wewe mwenyewe, ana kwa ana. Jina lake litafute kwenye orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, KMPDC, inayopatikana kwenye tovuti yao, na uangalie ubingwa ulioandikwa, si leseni tu. Dada zetu wa Tanzania Bara waulizie Baraza la Madaktari Tanganyika. Omba kuona picha za watu wenye ngozi kama yako, zilizopigwa kutoka pembeni, nywele zimerudishwa nyuma ya sikio, mwaka mmoja baada ya upasuaji. Picha za wiki ya sita za mtu anayetabasamu hazikufai.

Ukishauriwa vizuri hapa na bado ukachagua Istanbul, zungumza kwa video na daktari mwenyewe atakayekupasua. Pata jina la hospitali, si la hoteli, na cheti chake cha Wizara ya Afya ya Uturuki cha kuhudumia wagonjwa wa nje. Uliza kwa maandishi nani analipa ikibidi kurudishwa chumba cha upasuaji, maana bima ya kawaida hailipii urembo na mara nyingi hailipii madhara yake. Rudi na ripoti ya upasuaji kwa Kiingereza, yenye dawa ulizopewa na njia iliyotumika, na hakikisha kabla ya kuondoka kwamba kuna daktari Mombasa au Nairobi aliyekubali kukupokea. Malipo yaende kwenye akaunti ya hospitali kwa risiti, si kwenye simu ya wakala.